Kabla Bendera Haijashushwa: Dereva na Gari Katika Mbio za Kwanza

Mazungumzo yaliyotolewa Obunga, Kisumu, mbele ya mafundi wa magari, madereva, vijana na wazazi. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Kila anayelala karibu na barabara kuu anaijua sauti ile. Ni usiku wa manane, maduka yamefungwa, na kutoka upande wa Kondele magari mawili yanakuja sambamba, injini zikinguruma, yakielekea Mamboleo. Watu kitandani husikiliza. Sauti ikipita na kupotea, kila mtu hugeuka upande wa pili akalala. Lakini kuna usiku ambao sauti haipotei. Husikika matairi yakilia, kisha kishindo, kisha kimya. Hapo milango hufunguliwa, tochi huwashwa, na mzazi ambaye mtoto wake hajarudi hutoka mbio bila viatu.

Mazungumzo ya leo hayakuletwa kuwaambia vijana waache kupenda magari. Kijana anayejua kuifungua giaboksi na kuirudisha bila kubakisha nati mkononi ana kipaji, na kipaji hakizimwi kwa kugombezwa. Yameletwa kueleza kwamba mchezo wa mbio za magari upo, una sheria, una mahali pake, na unaweza kuanzwa na mtu wa kawaida. Pia yameletwa kueleza kazi inayopaswa kufanywa kabla dereva hajaketi kwenye mstari wa kuanzia. Kazi hiyo ni kubwa kuliko mbio zenyewe.

Mchezo wa nyumbani

Mbio za magari si mchezo wa kigeni hapa. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikaandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1973 ikawa duru ya ubingwa wa dunia. Baada ya mwaka 2002 iliondolewa katika ubingwa huo, ikarudi mwaka 2021 kule Naivasha.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mji ambao gari la asubuhi kutoka Kisumu hufika kabla ya chai ya saa nne, alishinda Safari mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ushindi wa kwanza aliupata pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila fundi wa jua kali. Lakini la kukumbukwa zaidi ni kwamba katika Safari 22 alizoshiriki, alifika mwisho mara 19. Mtu huyo alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alijua gari linasema nini kabla halijavunjika.

Na wasichana wasikae nyuma wakidhani haya ni mambo ya wavulana. Orie Rogo Manduli, mzaliwa wa Maseno, aliingia Safari mwaka 1974 pamoja na Sylvia Omino, akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuendesha gari katika mbio hizo.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari. Yaliyofika mwisho ni 7. Mwaka 1968, mvua ikiwa imeharibu njia, yalianza 93 na yakafika 7 tena. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Gari lao lilikuwa la kawaida tu. Wengi walilijua kama gari la abiria. Walishinda kwa sababu lilikuwa bado linatembea.

Barabara ya umma si uwanja

Kushindana kwa mwendo katika barabara ya umma bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Trafiki. Mwendo unaoruhusiwa mjini ni kilomita 50 kwa saa. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, hesabu ingebaki palepale.

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto anavuka, hutumia karibu sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Mita 17 zimekwisha na gari halijaanza kupungua. Kwenye lami kavu, breki nzuri huhitaji mita nyingine 20 hivi. Sasa mwendo uongezwe mara mbili, uwe 120. Watu wengi hudhani umbali wa breki utakuwa mara mbili. Sivyo. Utakuwa mara nne, yaani mita 80 na zaidi, na hapo bado hazijahesabiwa mita 33 za kushtuka. Kwa jumla ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Hakuna taa ya Corolla kuukuu inayomulika vizuri umbali huo.

Na barabara hiyo ina nani usiku? Ina mama anayetoka kununua mgongo wazi mapema ili awahi kukaanga. Ina mlinzi anayerudi kutoka zamu. Ina bodaboda asiye na taa ya nyuma. Hakuna hata mmoja aliyetia sahihi kushiriki mbio. Wanaoumia hupelekwa hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wengi bado huiita Russia, na pale wauguzi hawaulizi nani alikuwa anaongoza.

Kijana na gari la karo

Chukulieni mfano wa kijana mmoja fundi. Si mtu fulani. Ni mfano, lakini kila mtaa una mtu kama yeye. Ana umri wa miaka 24, anafanya kazi gereji, na ana Corolla 110 aliyoinunua kwa akiba ya miaka minne. Alfajiri gari hilo hubeba samaki wa mama yake, mchana hubeba abiria wa teksi. Kijana anataka kushindana. Anamwambia mama yake kwamba atalitoa mashine ya redio, ataondoa viti vya nyuma, ataingia mbio.

Mama anaendelea kugeuza samaki kwenye karai. Kisha anasema, "Nyathina, hilo ndilo gari la karo ya ndugu zako. Likianguka, wewe utasema umeshiriki. Sisi tutasemaje?"

Swali la mama huyo ndilo swali la kwanza la matayarisho, na linatangulia hata spana. Je, gari hili likiharibika kabisa Jumapili, Jumatatu nyumba itakula nini? Kama jibu ni kwamba nyumba itakwama, gari hilo si la mbio. Bima za kawaida za magari haziwalipi wanaoharibu gari wakiwa katika mashindano; anayetaka kuhakikisha asome masharti ya bima yake, asisubiri ajali imsomee.

Kijana wa mfano anakaa na hasira siku mbili, kisha anawatafuta wenzake wanne. Wanafanya kama akina mama wanavyofanya siku zote: wanaanzisha chama. Kila wiki kila mmoja anatoa kiasi anachoweza, mmoja anaandika daftari. Baada ya miezi kadhaa wananunua Starlet kuukuu iliyokuwa imelala nyuma ya gereji, giaboksi imekufa. Dereva ni mmoja, mwelekezi ni mmoja, watatu ni mafundi, na zamu zitabadilika. Corolla inaendelea kubeba samaki. Hivyo ndivyo mtu wa kipato kidogo anavyoingia katika mchezo huu bila kuitia nyumba hatarini.

Pa kuanzia

Nchini Kenya mchezo huu husimamiwa na shirikisho la taifa la mbio za magari, KMSF, na mashindano huandaliwa na vilabu vilivyosajiliwa, kikiwemo Western Kenya Motor Club katika sehemu hizi za magharibi. Anayeanza hatakiwi kurukia rali. Aanze na autokrosi. Hizi ni mbio fupi katika uwanja wa vumbi uliofungwa. Magari hutolewa kwa mpangilio, kila dereva akishindana na saa. Hakuna trela linalokuja mbele, hakuna ng'ombe anayevuka, na gari la wagonjwa liko pale pale. Magari hugawanywa kwa madaraja, kwa hiyo gari dogo la magurudumu mawili ya kusukuma, lisilo na taabo, halipimwi pamoja na Subaru yenye taabo.

Mambo matatu yafanywe mapema. Kwanza, kwenda kutazama mashindano mara moja au mbili bila gari, na kuomba kusaidia kazi. Siku moja ya kushika bendera au kuandika muda hufundisha mengi kuliko mwaka wa kutazama video. Pili, kujiunga na klabu na kuomba leseni ya mashindano. Leseni ya kawaida ya udereva haitoshi. Tatu, kupata kijitabu cha sheria za mashindano yenyewe na kukisoma chote. Sheria hubadilika, na aliyetayarisha gari kwa maneno ya rafiki hurudishwa nyumbani na mkaguzi.

Gari: anza na kusimama

Vijana wengi wakipata pesa huanza na injini na mlio wa ekzosi. Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Pesa ya kwanza ni ya vitu vinavyomlinda mtu. Pesa ya pili ni ya breki. Ya tatu ni ya matairi na miguu ya gari. Injini iko mwisho, na kwa mwaka wa kwanza inatosha iwe nzima tu.

Tuanzie hapo kwenye ulinzi. Kiti kifungwe kwenye sakafu imara isiyo na kutu, si kwenye bati lililotobolewa na kuzibwa kwa nyuzinyuzi za plastiki. Mshipi wa mashindano hushika mabega yote mawili na nyonga, na una lebo yenye mwaka wa mwisho wa kutumika. Mshipi uliopita mwaka huo, au uliokwisha kuvuta mtu katika ajali, ni kamba tu. Kofia ngumu iwe ya mashindano na yenye alama ya viwango. Kofia ya bodaboda ya bei ya kando ya barabara haikubaliki, na iliyowahi kuanguka kwa nguvu haifai hata kama rangi bado inang'aa.

Keji ya chuma, ile inayomzunguka dereva ili paa lisimkandamize gari likibingirika, inahitaji onyo la pekee kwa mafundi wa kuchomelea. Keji ya mabomba ya maji ni mtego. Sheria za kimataifa zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, na upinde mkuu uwe na kipenyo cha angalau milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa 2. Miguu yake husimama juu ya vipande vya chuma vilivyofungwa kwenye mwili wa gari, si juu ya bati tupu. Fundi anayejua kuchomelea vizuri aonyeshwe mchoro wa sheria kabla ya kuwasha mashine. Asiyekuwa na mchoro aseme hana. Hakuna aibu katika hilo.

Mtungi wa kuzimia moto ufungwe kwa chuma, si kwa mpira, na uwe mahali dereva anaufikia akiwa ameketi. Swichi ya kukata umeme wote wa betri ifanye kazi kutoka ndani na kutoka nje. Betri yenyewe ifungwe isitikisike hata ikivutwa kwa mikono miwili, na nguzo yake ya moto ifunikwe. Betri iliyochomoka gari likipinduka imewasha moto magari mengi.

Sasa breki. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki kabla ya kufika nyuzi 230. Yakishakunywa maji, yanaweza kuchemka yakiwa kwenye nyuzi 155 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikaenda hadi sakafuni, na kona iko pale pale. Kwa hiyo yamwagwe yote, yawekwe mapya kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, na hewa itolewe kwenye magurudumu yote manne. Breki pedi ziwe nzima, mipira ya mafuta isiwe na nyufa, na disiki isiwe na mtaro unaokamata ukucha.

Miguu ya gari ikaguliwe likiwa juu ya vizuizi imara. Jeki peke yake haitoshi. Jeki imeua mafundi wengi. Gurudumu lishikwe juu na chini likatikiswe, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, bearingi au boli jointi imechoka. Likicheza kushoto na kulia, tairodi inaomba kubadilishwa. Bushi, shoki, na mipira inayofunika CV jointi vitazamwe kwa tochi. Mpira uliopasuka leo ni jointi iliyojaa mchanga kesho.

Tairi lina tarehe yake ya kuzaliwa. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT. 3518 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa mzee aliyekauka. Likunjwe kidogo, nyufa zitaonekana. Hewa ipimwe tairi likiwa baridi, kwa geji na si kwa teke. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, gari litembezwe kidogo, zikazwe tena.

Kuna jambo la hapa kwetu kuhusu joto. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi kama 96, si 100. Rejeta hukwepa hilo kwa shinikizo, na shinikizo hushikwa na kifuniko. Kifuniko kilichochoka, cha bei ndogo, kinaweza kuunguza gasketi ya injini nzima. Kibadilishwe, pamoja na mipira ya maji iliyovimba na vibano vyake. Feni ijaribiwe. Rejeta isafishwe kwa maji kutoka nyuma, kwa sababu vumbi na mbegu za nyasi huziba matundu yake. Filta ya hewa iwe safi na isikae wazi. Vumbi la uwanja ni msasa kwa silinda.

Chini ya injini huwekwa bati nene la kulinda sampu. Mafundi wa jua kali hulitengeneza vizuri sana, ila wakumbuke kuacha nafasi ya hewa kupita na ya kumwaga oili.

Mwisho, gari limwagwe kila kitu kilicho ndani: jeki, chupa, spika, mazulia, sarafu zilizo chini ya kiti. Chupa ya soda ikiviringika chini ya pedali ya breki ni sawa na kutokuwa na breki. Gari likishakamilika, liendeshwe kilomita mia mbili tatu za kawaida, kwa mwendo wa kawaida, kabla ya mashindano. Kitakachovunjika kivunjike karibu na gereji.

Dereva

Mwili wa dereva nao ni sehemu ya gari. Macho yapimwe. Usingizi wa siku mbili kabla ya mbio ni muhimu kuliko usiku wa mwisho, ambao wengi hawalali kwa wasiwasi. Pombe iachwe kabisa, hata ile ya jana jioni; kichwa kinachouma asubuhi huenda bado kina pombe. Joto la Kisumu ndani ya gari lililofungwa, na mtu amevaa kofia na nguo nzito, humaliza maji mwilini kabla hajajua. Anywe maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Nguo za nailoni ziachwe nyumbani, maana zikishika moto huyeyuka zikagandana na ngozi. Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye soli nyembamba ya kuisikia pedali.

Kuketi nako kunafunzwa. Mgongo ugusane na kiti chote. Kiwiko kibaki kimekunjika mikono ikiwa kwenye usukani, na goti libaki limekunjika klachi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Macho yatazame mbali, mwisho wa kona, si bonet. Gari huenda dereva anakotazama. Anayelitazama shimo huliingia.

Kwenye vumbi breki hukanyagwa mapema, gari likiwa limenyooka. Kisha hukunjwa. Kisha mafuta huongezwa taratibu. Anayefanya yote matatu kwa wakati mmoja huishia kwenye nyasi. Na udongo wa tambarare za Kano, ule mweusi, una tabia mbili: ukiwa mkavu hushika kama lami mbovu, na mvua ya alasiri ikinyesha dakika kumi tu, huwa sabuni. Dereva aliyepita vizuri saa nne asubuhi asidhani uwanja ni ule ule saa tisa.

Watakaoendelea hadi rali watahitaji mwelekezi. Yeye husoma maelezo ya njia, hutunza kadi ya muda, na ndiye bosi wa saa. Kwa kanuni za kimataifa, kuchelewa kufika kituo cha muda huadhibiwa sekunde 10 kwa kila dakika, lakini kuwahi huadhibiwa dakika nzima kwa kila dakika. Wageni wengi hupoteza mashindano wakiwa wamesimama, kwa sababu waliingia kituoni mapema wakidhani wanafanya vizuri. Na wakipata ajali, kazi ya kwanza ni kuweka pembetatu nyekundu angalau mita 50 kabla ya gari, upande ule ule wa barabara, na kuonyesha kibao: OK ikiwa hakuna aliyeumia, SOS ikiwa msaada unahitajika. Dereva anayekuta SOS husimama. Muda wake si kitu mbele ya uhai wa mtu.

Siku yenyewe

Kijana wa mfano amefika na Starlet ikivutwa na Corolla ya karo. Mama yake amekuja pia, na amekaa mbali na kona, nyuma ya utepe, mahali wasimamizi wameonyesha. Watazamaji nao wana matayarisho yao: wasisimame nje ya kona, wasisimame bondeni chini ya njia, wasivuke hata uwanja ukiwa kimya, na mtoto ashikwe mkono.

Mkaguzi anafungua bonet, anatikisa betri, anavuta mshipi, anatazama kofia. Anakuta skrubu moja ya mtungi wa moto imelegea, anawarudisha. Wale watatu wanaikaza kwa dakika tano. Hawanuni. Mkaguzi si askari wa trafiki wa kuombwa huruma. Ni mtu wa mwisho anayeweza kuliona kosa kabla halijawa ajali.

Kisha dereva anauzunguka uwanja kwa miguu, mara mbili, akitazama mawe, kona inayojificha, mahali pa kuanzia breki. Anasikiliza maelezo ya wasimamizi hadi mwisho. Bendera nyekundu ni kusimama. Njano ni hatari mbele. Yenye miraba ni mwisho.

Mzunguko wa kwanza anauendesha kwa saba kati ya kumi. Wenzake wa gereji jirani wanamcheka. Mzunguko wa pili anaongeza. Anarudi akitabasamu, muda wake umepungua, na mafundi wanashangilia. Lakini akiwa amesimama anakanyaga breki, na pedali inashuka chini kuliko asubuhi. Kidogo tu. Mtu mwingine asingejua.

Mzunguko wa tatu bado dakika ishirini. Akiingia, huenda akawapita wawili. Wale walioweka pesa katika chama wanamtazama. Anashuka, anainama kwenye gurudumu la mbele, anaona unyevu ndani ya rimu. Mpira wa mafuta ya breki umeanza kuvuja. Mpira mwingine hawakuja nao.

Anaenda kwa msimamizi na kusema gari lake halitaingia tena leo.

Huo ndio uamuzi ambao matayarisho yote yalikuwa yakiujenga. Dereva asiyejua gari lake asingeuhisi ule mguu kushuka. Asiyelala vizuri asingejali. Aliyekuja na gari la karo, au kwa pesa ya kukopa, angejiona lazima aingie ili arudishe kitu. Huyu alikuwa na nafasi ya kusema hapana kwa sababu alikuwa ameitayarisha nafasi hiyo tangu siku ya karai la samaki.

Jioni Starlet inafungwa nyuma ya Corolla. Wa tano kati ya tisa katika daraja lake, mizunguko miwili. Mama anaingia kiti cha mbele, anauliza, "Ulishinda?"

"Bado, mama."

"Lakini magari yote mawili yanarudi."

"Yote mawili."

Ombi kwa Obunga

Yaliyosemwa leo si ya kuwekwa masikioni tu. Wenye gereji wakubali vijana wajifunze kukagua gari kwa orodha iliyoandikwa, si kwa kukumbuka. Wazazi wasikatae kusikiliza. Wakae na kijana waulize swali la mama yule. Vijana watafute klabu, waende kutazama, washike bendera, waanzishe chama. Na anayeona mbio za usiku barabarani apige simu 999 au 112 mapema, kabla ya kishindo, hata kama mmoja wa madereva ni mtoto wa jirani. Hasa kama ni mtoto wa jirani.

Mwendo hauna haraka ya kumkimbia mtu. Uwanja utakuwepo mwezi ujao, na msimu ujao pia. Kazi ya dereva wa mara ya kwanza ni moja: afike mwisho, au asimame kwa hiari yake, arudi nyumbani kwa miguu yake, na gari lirudi pamoja naye.